Baiskeli ya kila siku Mbeya: breki, cheni na kile kinjia chenu cha mkato

Wakuu, kwa wanaouliza kama inawezekana kwenda kazini kwa baiskeli kila siku hapa Mbeya, inawezekana, na wanaofanya hivyo ni wengi kuliko mnavyodhani. Simama tu alfajiri Uyole au Mbalizi uone wauza maziwa, mafundi ujenzi na walinzi wanaotoka lindo wanavyopita. Watu wakisikia milima wanawaza mapafu, kumbe mapafu yanazoea, we kanyaga mdogo mdogo kwa wiki kadhaa, ukishindwa shuka usukume, hamna mtu atakucheka maana na yeye kesho atasukuma palepale. Kitakachokutoa barabarani huku kwetu ni maji, yanaharibu breki, yanakula cheni, yanabomoa njia, na kuanzia Novemba mpaka Aprili yapo kila mahali. Kwa hiyo mi hapa nitaongelea maji kuliko baiskeli.

Baiskeli yenyewe sitaki tubishane sana. Fonekisi ya tairi 28 inabeba gunia la viazi na haichoki, ila kupanda nayo kuelekea Forest ya juu ni shughuli, na ya mtumba yenye gia inapanda vizuri lakini gia zake zikipata tope zinaanza ukorofi na spea zake unazisaka. Kama njia yako imenyooka, tuseme Iyunga kwenda Mafiati, chukua yoyote. Kama unakaa mlimani tafuta yenye gia, na ubadilishe gia kabla mlima haujaanza, siyo katikati pale ambapo umeshakaza mguu na cheni inalia.

Sasa breki. Wengi wanaziangalia siku jua linawaka, wanabana kiganjani wanasema zinakamata, basi. Rimu ikilowa raba hazishiki papo hapo, gurudumu linazunguka kwanza mpaka raba ikaushe rimu ndo ikamate, na kwenye mteremko kama ule wa Iwambi umeshaenda mbali sana hapo, na mbele yako kuna lori la Tunduma. Dawa yake: ukianza tu kushuka kwenye mvua gusa breki zote mbili kidogo, achia, gusa tena, yaani unafuta rimu kabla hujazihitaji. Usishike moja kwa moja mpaka chini, rimu inachemka na raba inaisha. Na usibane ya mbele peke yake kwenye tope, gurudumu la mbele likiteleza huna muda hata wa kuweka mguu chini, wakati la nyuma likiteleza bado unaweza kujiokoa. Ukifika nyumbani chukua kitambaa futa rimu, afu itazame raba kwa karibu, mara nyingi utakuta vipunje vya mchanga vimezama ndani vinang'aa, vitoe kwa ncha ya kisu maana hivyo ndo vinachora rimu mpaka inakuwa nyembamba. Ni kazi ya dakika tano, chai inachemka umeshamaliza.

Cheni nayo ina siasa zake. Kila mtaa una mzee anayekwambia paka oili chafu ya gari, ni ya bure na inakaa. Inakaa kweli, lakini imeshachoka na imejaa uchafu wa injini, unapaka tatizo juu ya tatizo. Grisi ni mbaya zaidi kwa nje ya cheni, inashika vumbi, na vumbi la Uyole na Igawilo lina jivu la volkano ndani yake, chembe zake ni kali, linasaga vyuma kweli kweli. Mafuta ya kula nayo yanaganda yanakuwa gundi. Fanya hivi: mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, mswaki mzee, sugua cheni na meno yake mpaka uone rangi ya chuma, kausha na kitambaa, iache ipigwe jua kidogo, afu weka oili tone moja kwenye kila kiungo kwa upande wa ndani huku unazungusha pedeli kinyumenyume, subiri, futa yote ya nje. Oili inatakiwa iwe ndani ya kiungo, nje haina kazi. Kipindi cha kavu oili ya cherehani inatosha. Kipindi cha mvua ni nyepesi mno, inasombwa safari moja tu, hapo nunua oili mpya ya injini ile nzito, nusu lita inakupeleka msimu mzima na unabaki nayo.

Matigadi usiyang'oe kwa ajili ya uzuri, vijana mnapenda hiyo, afu unafika ofisini na mstari wa tope mgongoni mpaka kwenye kola. Siti zamani tulikuwa tunafunika na rambo, tangu 2019 zimepigwa marufuku, kipande cha turubai kilichofungwa na mpira wa tyubu kuukuu ni kizuri zaidi na hakipeperuki.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ni habari nyingine. Mvua hamna, ila saa kumi na mbili asubuhi vidole havisikii breki, na kule Kitulo na sehemu za Makete asubuhi nyingine unakuta majani yameganda sakitu kabisa. Usivae sweta zito la kukushinda, ukipanda utaloa jasho, ukishuka upepo ukikupiga na lile jasho utajuta. Vaa nyepesi mbili tatu, ya juu iwe jaketi la kuzuia upepo, na kama huna weka gazeti kifuani ndani ya shati wakati wa kushuka, linazuia upepo kuliko unavyodhani, ukifika unalitoa unalisoma. Glavu ni lazima siyo fasheni. Na taa ni lazima, maana miezi hiyo jua la huku linachomoza karibu na saa moja, kwa hiyo anayeingia kazini saa moja anaendesha gizani na ukungu juu yake. Taa nyekundu ya nyuma ndo ya maana kuliko ya mbele, wewe barabara unaijua, dereva wa lori hakujui.

Halafu ndo tunakuja kwenye kinjia. Karibu kila mtu anayeendesha Isyesye, Itezi, Ilemi au Iganzo ana kinjia chake cha mkato kinachomwepusha na barabara kuu, na kila mwaka ikifika Februari kinakuwa korongo, watu wanalalamika, mvua ikiisha wanasahau. Wakati wa kukitengeneza ni huo huo wa baridi, kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Juni, mvua imekata lakini ardhi bado ina unyevu, sururu inaingia na udongo unashindilika. Ukisubiri Septemba utakuwa unachimba vumbi.

Kwanza kitembee kwa mguu bila jembe. Tafuta pale maji yanapoingilia kwenye njia, siyo pale palipobomoka, maana palipobomoka ni chini na kosa liko juu. Mizizi iliyobaki nje na mfereji wa katikati vinakuonyesha maji yamesafiri humo muda mrefu, na ukiona mchanga umetandaa kwa upana mwishoni hapo ndo yalipotua. Maji yakikaa njiani hatua chache hayana madhara, yakikaa mita hamsini yanakuwa na nguvu ya kubeba mawe. Kwa hiyo kazi yako ni kuyatoa njiani mapema na mara nyingi.

Unayatoa kwa kinga. Chimba mfereji mpana usio na kina sana, wa kiganja hivi, ukate njia mshazari siyo kunyooka, upande wa kutokea uwe chini kuliko wa kuingilia, na udongo unaotoa umwage upande wa mteremko utengeneze tuta laini, ushindilie kwa miguu. Liwe pana kiasi gurudumu lipande na kushuka bila kuruka. Penye mwinuko mkali weka kinga kila baada ya hatua kumi hivi, penye mwinuko mdogo hatua ishirini au thelathini zinatosha. Wengi wanapenda kulaza gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, kwa mtembea kwa miguu ni sawa, lakini gogo lililolowa likiwa mshazari linanyang'anya gurudumu la mbele ghafla, unajikuta umelala. Kama lazima gogo, lizike mpaka lionekane mgongo tu.

Pa kutokea maji pafikirie kuliko mfereji wenyewe. Yasiende uani kwa mtu wala kwenye mahindi ya mtu, yaende kwenye majani. Hapo ndo unapomhitaji mwenyekiti wa mtaa kabla ya kugusa jembe, na akikubali inakuwa msaragambo, Jumamosi moja watu kumi wanamaliza kinjia chote na mabibi wanaopeleka ndizi sokoni watakuambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, mpaka uone aibu. Na usikate ukingo wa mlima ulio juu ya nyumba ili kupanua njia, tope lililoshuka kutoka Mlima Kawetere Aprili 2024 kule Itezi tuliliona wote.

Korongo lililopo usilijaze udongo mtupu, mvua ya kwanza itauchukua wote. Mawe makubwa chini, madogo juu yake, moramu juu kabisa, mwagia maji kidogo ushindilie. Ule udongo mwepesi wa vijiwe vya volkano haushikani peke yake, uchanganye na mwekundu wa mfinyanzi. Kando ya njia fyeka, using'oe, mizizi ndo inashika kingo. Matete ni mazuri kwenye makutokeo maana mwenye ng'ombe atakuwa anayakata mwenyewe bila kuambiwa.

Mvua zikianza, pita katikati ya dimbwi, usizunguke pembeni. Kila anayezunguka anapanua njia kidogo, mwisho wa msimu kinjia cha baiskeli kinakuwa kiwanja cha tope. Kama tope linanata mpaka tairi haizunguki ndani ya matigadi, beba baiskeli begani au pitia lami siku hiyo.

Na mvua kubwa ya kwanza ya Novemba usikae ndani, vaa koti, chukua jembe, kakiangalie kinjia wakati maji yanatembea. Dakika kumi za hapo zinakuonyesha kinga ipi imeziba majani na ipi maji yanairuka, zibua iliyoziba, pandisha tuta la inayorukwa, na ile takataka unayotoa iweke upande wa chini, ukiweka juu itarudi usiku huo huo.