Namna ya kupata tungamo la sayari ndogo ya nyota kibete nyekundu: mfano wa GJ 486 b

Kivuli cha sayari hukupa ukubwa wake, basi. Darubini ya angani TESS ilipoiona nyota GJ 486 ikififia kidogo kila baada ya siku 1.467, ilijulikana kuna kitu chenye nusu kipenyo mara 1.3 ya Dunia kinachopita mbele yake. Kama ni mwamba, maji au gesi, kivuli hakisemi. Lazima upate tungamo. Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Morogoro, na hesabu hii naipenda sana: data zinapakuliwa bure, na kazi iliyobaki inataka kalkuleta na karatasi ya grafu.

Anza na nyota. Sayari yenyewe huipimi. Unapima inavyoivuta nyota yake, kwa hiyo tungamo la nyota likiwa bovu, yote yanayofuata ni mabovu. Chukua umbali uliopimwa na darubini ya angani Gaia pamoja na mwangaza wa nyota katika infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kwa nyota kibete nyekundu, yaani nyota ndogo na baridi kuliko Jua, viwili hivyo hutoa tungamo lenye kosa la asilimia chache tu. GJ 486, iliyo kwenye kundinyota la Mashuke, miaka nuru 26 kutoka kwetu, ina 0.323 ya tungamo la Jua. Wepesi huo unatusaidia mno. Dunia hulitikisa Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Hapa tunatafuta mita 3.37 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli taratibu.

Kasi hizo zilipimwa na spektrografu mbili, vyombo vinavyotawanya mwanga wa nyota kwa rangi zake, CARMENES ya Calar Alto, Hispania, na MAROON-X ya darubini ya Gemini North, Hawaii. Matokeo yalichapishwa 2021. Hakikisha safu ya kasi unayoisoma kwenye data imeshaondolewa mwendo wa Dunia, maana sisi wenyewe tunalizunguka Jua kwa kilomita 30 kila sekunde.

Sasa kunja data. Hapa usiwe na haraka. Chagua wakati mmoja ambapo sayari ilipita katikati ya uso wa nyota, uite sifuri. Kwa kila kipimo, tafuta siku zilizopita tangu sifuri hiyo, gawanya kwa 1.467, tupa namba nzima, baki na desimali. Kipimo cha siku ya 10: 10 ÷ 1.467 ni 6.817, basi kiweke kwenye 0.817 ya mhimili wa chini. Vipimo vya wiki na miezi tofauti vitarundikana kwenye wimbi moja. Kwenye 0.25 nyota inatujia, yaani kasi iko chini ya sifuri; kwenye 0.75 inatukimbia. Kwenye 0.817 utarajie mita 3.1 hivi juu ya sifuri. Wimbi likitokea kinyume, au likianza mahali pengine, hiyo siyo sayari iliyotupa kivuli.

Kabla ya kuliamini wimbi, ihoji nyota. Madoa yake yakizunguka nayo huiga mvuto wa sayari, tena vizuri mno. Gliese 581 d, kwenye nyota nyingine iitwayo Gliese 581, ilihesabiwa kuwa sayari kwa miaka kadhaa; mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba mzunguko wake wa siku 66 ni nusu ya mzunguko wa nyota yenyewe, siku 130 hivi. Kwa GJ 486 tuko salama: nyota huchukua wiki nyingi kujizungusha, mbali kabisa na siku 1.467.

Kwa sayari inayoizunguka nyota yake katika njia ya duara:

tungamo = (K ÷ 0.0895) × P^(1/3) × M^(2/3)

K ni nusu ya kimo cha wimbi kutoka kilele hadi bonde, kwa mita kwa sekunde. P ni mzunguko kwa miaka (0.004017), M ni tungamo la nyota kwa Jua. Utapata 37.65 × 0.159 × 0.471, yaani Dunia 2.82. Gawanya kwa nusu kipenyo, 1.305, kipeo cha tatu, zidisha kwa msongamano wa Dunia, 5.51: gramu 7.0 kwa sentimita ya ujazo. Ni mwamba na chuma.

Fanya hivyo hivyo kwa Enaiposha, sayari ya nyota Orkaria, majina ya Kimaasai yaliyopendekezwa kutoka Kenya na kukubaliwa 2023. Ina tungamo la Dunia 8.17 na nusu kipenyo mara 2.742 ya Dunia, na jibu ni gramu 2.2. Huo si mwamba mtupu hata kidogo.

Sayari isiyopita mbele ya nyota, kama Proxima b, hesabu hii huipa kiwango cha chini tu, kwa sababu mwinamo wa njia yake haujulikani. Na nyota hafifu kama TRAPPIST-1 inataka njia nyingine: sayari zake saba huvutana, kila moja ikiwahi au kuchelewa kidogo kupita, na kutokana na nyakati hizo tungamo zao zilipatikana 2021 kwa kosa la asilimia 3 hadi 5.