Glavu za pikipiki za mvua na baridi, kwa sisi wa Tanga tunaopanda Lushoto

Mtu wa Tanga mjini ukimwambia anunue glavu za baridi anakuangalia tu, joto lote hili la Ngamiani glavu za nini, na kweli kama safari zako zinaishia Chumbageni na Raskazone haya mambo hayakuhusu sana. Naongea na wale wanaotoka huku asubuhi, Muheza, Segera, Korogwe, wanafika Mombo wanakunja kulia kupanda mlima. Zile kilomita 33 hivi za kwenda Lushoto zinakupandisha karibu mita 1,000, na ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6, hapo hujaweka upepo wa mwendo wala mvua, sasa jumlisha na ukungu wa mwezi wa sita utajua kwa nini Wasambaa wanavaa makoti mchana.

Mimi nilijifunza vibaya. Ilikuwa masika, nimenunua glavu za 15,000, kikaratasi kimeandikwa wotaprufu kwa herufi kubwa, nikajiona nimemaliza kazi. Kufika Soni nikishusha mkono maji yanatoka kama nimekamua nguo, vidole vimekufa ganzi, kuna kona moja nikavuta breki ya mbele mkono unachelewa, yaani akili imeshaamua lakini vidole bado vinajadiliana. Ukiwa spidi 50 pikipiki inakula kama mita 14 kwa sekunde moja, sasa hesabu mwenyewe kuchelewa sekunde moja kwenye kona za mlimani ni kitu gani. Nilipofika juu kijana mmoja wa boda akaziangalia akacheka, "Pole kaka, hizo si glavu, hizo sifongo."

Basi kitu cha kwanza ujue maji yanaingiaje, maana wengi tunadhani yanapenya kwenye ngozi tu. Yanapita kwenye mishono, yanaingia kwenye kifundo cha mkono, na mengine unayatengeneza wewe mwenyewe, jasho. Hili la jasho ndo linatuumiza sisi watu wa pwani. Ukinunua zile glavu nene za Ulaya zenye sufi ndani ukazivaa kuanzia Tanga, pale Korogwe jua linawaka mkono unachemka humo ndani, ukifika Mombo bitana imeshalowa jasho, unaanza kupanda baridi ukiwa na mkono mbichi. Na maji yanapitisha joto mara kama 25 kuliko hewa, ndo maana mkono uliolowa unaganda hata pale ambapo kipimajoto hakisemi kitu cha kutisha.

Kwa hiyo ushauri wangu mimi, na najua wapo watakaobisha, usinunue glavu moja nene. Nunua ya nje nyembamba kiasi inayozuia maji kweli, halafu tafuta glavu nyepesi za kufuma za kuvaa ndani. Bondeni vaa za kawaida za vumbi au yoyote uliyozoea, ukifika Mombo simama, kunywa chai, vaa zile mbili, panda. Ila unapoenda kujaribu ya nje dukani nenda na hizo za kufuma, maana ukichagua saizi kwa mkono mtupu ukija kuvaa mbili inabana, na glavu inayobana inazuia damu kufika kwenye vidole na inakandamiza ile hewa ya ndani ambayo ndo inatunza joto. Unakuta umevaa mbili na baridi imezidi.

Sasa glavu yenyewe. Glavu inayozuia maji kwa ukweli huwa ina utando katikati, kati ya ngozi ya nje na bitana, zile za bei zinaandikwa Gore-Tex, nyingine zina utando wa majina mengine, sio mbaya. Utando unazuia maji ya nje yasifike kwenye mkono huku mvuke wa jasho unatoka kidogo kidogo. Lakini elewa kwamba utando uko ndani, ngozi ya nje inaweza kulowa chepechepe na mkono ukabaki mkavu, halafu upepo ukipiga ile ngozi iliyolowa baridi inaingia hivyo hivyo. Ndo maana unasikia mtu analalamika glavu yake ya bei kubwa inavuja kumbe haivuji, imepoa tu. Hapo dukani dondoshea matone ya maji juu ya mgongo wa glavu, yakikaa kama shanga yakateleza, hiyo nzuri, yakinywewa pale pale ujue hiyo itakuwa nzito na baridi nusu saa tu ya mvua.

Kingine ambacho hakuna anayekwambia, bana ncha ya kidole cha glavu kwa nje halafu vuta mkono wako utoke taratibu. Kama bitana inafuata mkono, achana nayo. Mkono ukiwa na unyevu unaivua mara moja bitana inageuka nje, vidole vya ndani vinapotea, utasimama pembeni ya barabara kwenye mvua unachokonoa kidole kimoja kimoja kwa kalamu. Yamenikuta.

Kujua kama inavuja, dukani puliza hewa ndani, kunja mdomo wake haraka uushike kwa nguvu, halafu ukamue glavu huku umeiweka karibu na shavu. Ukisikia hewa inapuliza sehemu moja, mara nyingi kati ya vidole, hapo pana tundu. Sio kipimo cha mahakama lakini kinakamata zile mbovu kabisa. Kipimo chenyewe kipo nyumbani, chukua beseni la maji, jaza tishu kwenye kila kidole, izamishe mpaka karibu na kifundo dakika kumi huku unaichezesha chezesha, toa tishu moja moja. Iliyolowa inakuonyesha kidole gani. Mpatane na muuzaji kabla kwamba ikivuja unarudisha, akianza kupiga chenga umeshapata jibu lako.

Na kaa nayo kwenye pikipiki, usijaribu umesimama kaunta. Shika usukani, vuta klachi, vuta breki, washa indiketa, piga honi. Kiganja kikiwa kinene hausikii resi vizuri, na vidole vikigonga mwisho wa glavu ukikunja mkono hiyo ni ndogo. Nyingine zina kimpira kama waipa kwenye kidole cha mkono wa kushoto, cha kufutia kioo cha helmeti, watu wanakiona urembo lakini mlimani kwenye manyunyu nisingeuza. Kiko kushoto kwa sababu kulia umeshika resi.

Ukiona ndani kuna lebo yenye kialama cha mtu kwenye pikipiki na EN 13594, hiyo imepimwa kwa ajili ya pikipiki, kuna daraja la 1 na la 2, la pili ndo gumu zaidi, na herufi KP maana yake ulinzi wa vifundo vya vidole umepimwa pia. Hiyo inahusu ukianguka, usiisome kama cheti cha kuzuia maji. Naisema kwa sababu ya mitumba, ukichambua vizuri unakutana na glavu za watu wa kuteleza kwenye theluji, nzuri mno kwa maji na baridi, na bei ya kawaida tu, lakini kiganja chake hakikutengenezwa kusuguana na lami. Mimi nimewahi kuzitumia, sitakudanganya, ila nilikuwa natembea kama nimebeba mayai.

Kifundo sasa. Pikipiki zetu tunakaa wima, mikono inashuka kuelekea usukani, kwa hiyo maji ya begani yanafuata mkono wa koti mpaka chini. Ukivaa glavu juu ya koti umetengeneza mfereji unaomwaga ndani. Ingiza mdomo wa glavu chini ya mkono wa koti la mvua, kisha funga. Glavu yenye mdomo mpana sana haiingii, kwa hiyo nenda dukani na koti pia, najua unaonekana kama unahama nyumba.

Hela haipo kabisa? Glavu za kufuma, juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa. Sura mbaya, watoto wa Mombo watakucheka, lakini mkono mkavu. Jaribu breki kwanza ukiwa spidi ndogo maana mpira uliolowa mwingine unateleza kwenye wenzo, na ukianguka hazikulindi chochote. Mifuko ya plastiki hapana, inateleza na inajikunja kwenye klachi.

Zikilowa usianike juani wala juu ya jiko la mkaa, ngozi inakakamaa na utando unaweza kubanduka. Futa, jaza magazeti ndani, badilisha yakilowa, ning'iniza sehemu yenye upepo na kivuli. Kwa unyevu wa Tanga zinaweza kuchukua siku mbili, na ukizifungia kwenye mfuko chini ya siti zitaota ukungu, harufu yake mke wangu aliniambia nichague, glavu zilale nje au mimi.