Kurudisha tenzi za zamani ibadani: maneno kwanza, kayamba mwisho

Siku hizi mapambio ndiyo hushika ibada, tenzi, yaani zile nyimbo za kitabuni zenye beti, zikaachiwa mazishi. Mwalimu wa kwaya hapa Malindi akitaka kuzirudisha, kishawishi chake cha kwanza ni kuongeza gitaa. Gitaa lisubiri.

Chagua wimbo mmoja kwa mwezi. Andika ubeti ubaoni, uhesabu mizani, yaani silabi, kama watunzi wa tendi (mashairi marefu ya masimulizi) kule Lamu, ambao hutia mizani nane katika kila kipande. Zile namba 8.6.8.6 juu ya noti ni hesabu iyo hiyo: mizani ya kila mstari. Kisha someni ubeti bila kuimba, mkipiga makofi palipo na mapigo mazito ya tuni. Hapo kasoro itajitokeza yenyewe. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni nyingi zilizotungiwa Kiingereza humalizia mstari kwa pigo zito. Ndiyo maana "Bwana" huimbwa "bwa-NAA". Mstari wa mizani nane ukianza na noti nyepesi, iondoe noti hiyo, silabi ya kwanza ianze na pigo zito, na noti ndefu ya mwisho igawe mara mbili. Mizani itabaki nane, na mkazo utakuwa mahali pake. Jaribu beti zote kabla ya kukubali, kwani linalofaa ubeti wa kwanza huenda likavuruga wa tatu.

Sasa ufunguo, yaani wimbo uanzie juu au chini kiasi gani. Noti ya juu kabisa isipite D ya mstari wa nne, maana waumini si soprano. Wimbo ulioandikwa G ukifika E, upige kwa F. Kwenye kinanda cha umeme, weka kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye −2, yaani nusu-toni mbili chini. Kina baba wakinyamaza ghafla kwenye kiitikio, mara nyingi hawakusahau maneno, wimbo umewapanda.

Mwendo uwe mapigo 84 hadi 92 kwa dakika. Kuburuta huja pale mpiga kinanda anapowasubiri waumini, nao wanamsubiri yeye. Asisubiri.

Kayamba iingie ubeti wa pili. Mbegu ndani ya matete hazinyamazi, zitafunika maneno ambayo watu ndiyo kwanza wanajifunza. Kwa waimbaji ishirini, moja yatosha. Ila mpigaji akigawa pigo mara tatu huku kinanda kikigawa mara mbili, kwaya itayumba; wafanye mazoezi wawili peke yao kwanza, robo saa hivi.

Na ile desturi ya kuruka ubeti wa tatu iachwe. Tenzi nyingi hujengwa kama hoja: dhambi, msalaba, msamaha, mbinguni. Ukiruka, unamwacha mtu na dhambi yake kisha unamfikisha mbinguni bila njia. Muda ukibana, punguza kurudia kiitikio.