Somo: Namna ya kuikagua sarafu ya dhahabu ya V75 kabla ya kuinunua

Tarehe 5 Novemba 2020 Kiwanda cha Sarafu cha Marekani kilianza kuuza sarafu ya dhahabu ya Tai, yenye aunsi moja ya dhahabu, iliyotiwa alama ya V75 kuadhimisha miaka 75 tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ziliruhusiwa 1,945 tu, idadi iliyolinganishwa makusudi na mwaka ambao Ujerumani ilisalimu amri mwezi Mei na wajumbe wa Japani wakatia saini juu ya meli ya USS Missouri katika ghuba ya Tokyo tarehe 2 Septemba.

Dhahabu ya sarafu hii haina tofauti yoyote na ya sarafu ya Tai ya mwaka huohuo isiyo na alama. Kinachoipandisha bei ni ile alama ndogo, yenye mzunguko unaofuata umbo la bwawa la Rainbow Pool katika eneo la kumbukumbu ya vita hivyo mjini Washington. Mnunuzi basi ana mambo mawili ya kuthibitisha, yaani dhahabu na alama, na vipimo vya jambo la kwanza havisemi lolote kuhusu la pili.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaangalia sarafu yenyewe. Upande wa mbele una umbo la mwanamke Liberty aliyeshika mwenge na tawi la mzeituni, kazi ya Augustus Saint-Gaudens, pamoja na mwaka 2020, herufi W ya kiwanda cha West Point na alama ya V75. Upande wa nyuma kuna tai dume anayeleta tawi la mzeituni kwenye kiota cha jike na makinda, na thamani ya dola 50. Katika maadhimisho hayohayo zilitolewa pia sarafu 75,000 za Tai za fedha zenye V75, na sarafu 7,500 za dhahabu ya karati 24 za nusu aunsi, zenye sura tofauti kabisa. Matangazo ya mauzo huzichanganya hizi tatu, na si mara zote kwa bahati mbaya.

Hatua ya pili: soma kasha. Nyingi zinazouzwa leo zimefungwa katika makasha ya plastiki ya PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu na kuzipa daraja hadi 70. Ingiza namba ya cheti katika tovuti ya kampuni husika, lakini usiridhike kwa kuwa namba imekubali, maana namba halali huweza kunakiliwa kwenye kasha bandia. Kama tovuti ina picha, zilinganishe na sarafu iliyo mbele yako.

Hatua ya tatu: pima, iwapo sarafu haijafungwa. Uzito wake ni gramu 33.931, kipenyo milimita 32.7 na unene milimita 2.87. Ni dhahabu ya karati 22 iliyochanganywa na fedha kidogo na shaba, ndiyo maana uzito wote unazidi gramu 31.103 za dhahabu halisi iliyomo. Tumia mizani ya sonara isomayo hadi sehemu ya mia ya gramu, na upime uzito, kipenyo na unene pamoja: shaba iliyopakwa dhahabu ni nyepesi, hivyo ikipewa uzito sahihi itazidi unene au upana. Wasiwasi mkubwa ni tangsteni, ambayo uzani wake unakaribia sana ule wa dhahabu. Mpelekee mtu mwenye mashine ya kupima upitishaji umeme wa metali, kwani mashine nzuri husoma hata kupitia plastiki. Sumaku hukamata chuma na metali chache za aina yake. Tangsteni na shaba hazivutwi, kwa hiyo anayekuonyesha sumaku hajakuonyesha kitu.

Usiizamishe majini, usiisugue kwenye jiwe la sonara, na usiibane kwa kipimo cha chuma. Hii ni sarafu iliyogongwa kwa ajili ya wakusanyaji, uso wake unang'aa kama kioo na maumbo yake yana weupe hafifu; alama ya kidole kimoja hubaki, na mkwaruzo mwembamba kama unywele hushusha daraja papo hapo.

Hatua ya nne: ikague alama kwa lenzi inayokuza mara kumi. Geuza sarafu polepole chini ya taa moja. V75 na mzunguko wake vinapaswa kuonekana vimetoka katika metali yenyewe kwa pigo lilelile lililotoa maandishi mengine. Ukiona mstari wa kuungia, chembe za gundi, au kioo kilichofifia kuzunguka alama peke yake, iache. Hapo huenda unashika dhahabu halali kabisa ya Tai ya kawaida iliyobandikwa alama, na mizani haitakuambia.

Hatua ya tano: gawanya bei. Katika bei unayoombwa, ondoa bei ya aunsi moja ya dhahabu ya siku hiyo. Kinachobaki ndicho unacholipia alama, daraja na uchache. Kilinganishe na bei za minada iliyokwisha kuuzwa, wala si bei wanazoomba wauzaji.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, ile sarafu ya dhahabu ya Tabora yenye tembo nayo ni ya kumbukumbu ya vita?

Jibu: Marahaba. Hapana, ile ilikuwa fedha ya matumizi. Wajerumani waliigonga mwaka 1916 katika karakana ya reli mjini Tabora, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa bado inapiganwa, kwa sababu njia ya kuletewa sarafu kutoka kwao ilikuwa imefungwa. Ni rupia 15, gramu 7.168, dhahabu sehemu 750 kwa 1,000. Nakala bandia zake ni nyingi mno, basi pima kwanza.

Swali: Ninaishi Mombasa, na mvuke wa bahari unaharibu kila kitu. Nitaihifadhije?

Jibu: Iache katika kasha lake, uweke ndani ya boksi linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe mara kwa mara. Epuka vifuko laini vya plastiki ya PVC. Shaba iliyomo huweza kutoa madoa mekundu, yakitokea usiyaguse.

Swali: Sonara wa mtaani amejitolea kuinunua kwa gramu, na kuisafisha bure. Nikubali?

Jibu: Ndugu yangu, hesabu yake ya karati 22 kwa gramu 33.931 inaweza kuwa ya haki kabisa kwa upande wa dhahabu, lakini katika hesabu hiyo V75 ni sifuri. Mkatalie kwa heshima, na hasa huo usafi wa bure. Ukitaka kuuza, itume kwanza ithibitishwe na kufungwa, kisha uipeleke kwenye mnada wa sarafu, baada ya kuuliza gharama za bima, usafirishaji na ushuru wa forodha.