Namna ya Kukarabati Zana katika Minecraft bila Kuziua kwa Fuawe

Kila zana katika Minecraft, mchezo wa video wa kuchimba na kujenga, ina idadi yake ya matumizi: sururu ya mawe huvunjika baada ya matumizi 131, ya chuma baada ya 250, na ya almasi baada ya 1,561. Mstari mdogo ulio chini ya picha ya zana huonyesha kiasi kilichobaki, na mchezaji makini huutazama kabla ya kushuka mgodini.

Zana isiyo na uchawi, yaani nguvu ya ziada iliyotiwa ndani yake, haihitaji fuawe. Weka pamoja mbili zilizochakaa za aina moja katika nafasi za kuundia, nawe utapata moja yenye jumla ya uhai wa zote mbili na nyongeza ya asilimia 5. Tena sururu mpya ya almasi hutumia almasi 3 na vijiti 2, ilhali kuirudishia uhai wote kwenye fuawe ile iliyokaribia kuvunjika hutumia almasi 4, kwa kuwa kila almasi hurejesha robo. Ni bora basi kuunda nyingine.

Zana yenye uchawi ni habari tofauti, kwa sababu njia hiyo hufuta uchawi wote, na ndipo fuawe inapohitajika. Hapa ndipo wengi wanapopoteza zana zao nzuri bila kujua sababu. Fuawe hukumbuka kila kazi iliyofanyiwa zana, ukiwamo uongezaji wa uchawi kwa kitabu, na gharama ya ziada hupanda kutoka 0 hadi viwango 1, 3, 7, 15, kisha 31 vya uzoefu, yaani alama anazokusanya mchezaji kwa kuchimba na kuua viumbe. Kazi ya saba ingeongeza 63, na kwa kuwa fuawe hukataa kazi yoyote inayofikia viwango 40, zana hiyo haitakarabatika tena. Kwa hiyo usiweke almasi moja leo na nyingine kesho: subiri hadi uhai ubaki kidogo, kisha weka almasi 3 au 4 kwa pamoja, kwa maana zote huhesabiwa kuwa kazi moja. Jiwe la kunolea hufuta kumbukumbu hiyo, lakini hufuta na uchawi.

Fuawe yenyewe, iliyokugharimu vipande 31 vya chuma, ina uwezekano wa asilimia 12 wa kuharibika hatua moja kila inapotumika.

Suluhisho la kudumu, ambalo nalisisitiza kuliko yote, ni uchawi uitwao Mending. Haupatikani kwenye meza ya uchawi. Utafute kwa wanakijiji wakutubi, katika uvuvi au katika masanduku ya hazina. Kila pointi ya uzoefu unayookota hurejesha matumizi 2 ya zana iliyo mkononi au deraya uliyovaa. Ukiuunganisha na Unbreaking ya kiwango cha 3, ambayo hurefusha maisha ya zana mara nne kwa wastani, sururu haitahitaji fuawe tena. Hata hivyo usiitumie kupigania, kwani kila pigo kwa adui huikata matumizi 2 badala ya 1.