SOMO: Tairi likipasuka gari likiwa kasi

Wakuu, swali hili limeulizwa mno humu. Naliandika hapa kwa kirefu. Atakayeuliza tena mleteni huku.

1. Kamata usukani kwa mikono miwili.

2. USIKANYAGE BREKI. Hapa ndipo roho za watu zinapopotea, maana kwa hofu mguu hukimbilia breki wenyewe. Likipasuka la mbele, gari linavutwa upande huohuo. Likipasuka la nyuma, mkia unayumba. Ukifunga breki, matairi mazima yanashika barabara, bovu halishiki, gari linazunguka au linapinduka. Mafuta nayo usiyaachie ghafla: bakiza mguu kidogo mpaka gari linyooke, kisha achia polepole. Usukani urekebishe kidogo kidogo. Ukiuvuta kwa nguvu utahamia njia ya wenzako.

3. Mwendo ukishuka, washa hazadi (taa za tahadhari), tafuta pembeni palipo tambarare na pagumu. Rimu ikiharibika iharibike, usisimame kwenye kona.

4. Handbreki, jiwe kwenye gurudumu, pembetatu mbali nyuma ya gari.

5. Legeza nati kabla ya kupiga jeki.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo nikanyage breki taratibu?

Rudia namba 2. Breki laini ni baada ya gari kutulia.

— Gari langu lina ABS, hayo hayanihusu.

Yanakuhusu. ABS inazuia gurudumu lisijifunge. Tairi lililopasuka hairudishii mshiko.

— Kwa nini lipasuke wakati asubuhi nililiona zima?

Umeuliza jambo la maana. Mara nyingi ni upepo pungufu. Ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Mzigo na mwendo vinamalizia. Pima tairi likiwa limepoa, fuata kibandiko cha mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, usijaze kwa hiyo.

— Na umri wake nitaujuaje?

Tafuta maandishi ya DOT ubavuni, soma tarakimu 4 za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, chungulia ubavu wa ndani. Kashata (meno ya tairi yanayokanyaga barabara) zinaweza kuwa nene na mpira umeshazeeka, kwa hiyo kagua na nyufa.

— Spea yangu ni nyembamba, naweza kusafiri nayo?

Hapana, ni ya kukufikisha kwa fundi. Nyingi zimeandikwa mwisho 80 km/h. Nayo ipime upepo leo, kabla hujaihitaji.