Kabla mtoto hajatibiwa kiini cha jino la utotoni: uliza haya

Eksirei kwanza. Daktari akianza kutaja bei ya dawa kabla hajaiona mizizi, mchukue mtoto muondoke.

Sema ukweli kuhusu maumivu. Jino linalouma likiguswa na kitu baridi kisha likatulia, huenda kiini chake, ile nyama laini yenye mishipa ndani ya jino, bado ki hai, na daktari anaweza kuondoa sehemu ya juu tu akaacha ile ya mizizini. Lakini jino linalomwamsha mtoto usiku, au lenye kipele cha usaha kwenye ufizi, kwa kawaida limeshavuka hapo. Hilo husafishwa mizizi yote au hung'olewa. Likisafishwa, mizizi ijazwe dawa inayoyeyuka, kama zinki oksaidi iliyochanganywa na yujinoli ya karafuu. Ule mpira unaojaza mizizi ya mtu mzima hauyeyuki, na jino la ukubwani linahitaji njia ya kupita.

Uliza pia: damu ikikataa kukauka, utafanyaje? Kiini kikishakatwa, hugandamizwa pamba yenye maji kwa dakika chache. Damu ikiendelea kutoka, hata kiini cha mizizini kimeathirika, na mpango hubadilika mtoto akiwa bado kitini. Bei nayo hubadilika.

Sasa dawa yenyewe, ile inayowekwa juu ya kiini kilichoachwa mizizini. Fomokresoli ilitumika kwa miongo mingi, lakini ina fomaldehaidi, ambayo mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kinachowekwa kwenye jino ni kidogo sana, ila kama kuna kingine, kwa nini? Feriki salfeti huzuia damu na bei yake ni nafuu. Kalsiamu haidroksaidi mimi ningeikataa kwa kazi hii. Mara nyingi mzizi huliwa kutoka ndani. MTA, saruji iliyobuniwa California miaka ya 1990, ina matokeo mazuri sana, ingawa ile ya kijivu hulitia jino weusi na huchukua saa kadhaa kukauka. Biodentine, saruji nyingine ya aina hiyo, hukauka kwa takriban dakika 12. Zote mbili ni ghali.

Na hapo kwenye ughali ndipo dada yangu alipoumizwa. Mtoto wake alikuwa na miaka sita, gego la mwisho la utotoni, la chini, limetoboka. Kliniki moja hapa Nairobi ikamshauri achukue MTA, "ndiyo bora, mama." Kweli ni bora. Akatuma M-Pesa yote aliyokuwa nayo, na ilikuwa Januari, karo inadaiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kofia ya chuma ya kulifunika jino inalipiwa kando. Wakaziba juu kwa kizibo cha muda, wakamwambia arudi akipata. Kabla hajapata, kizibo kilipasuka mtoto akila mahindi choma. Mate na vijidudu vikapenya chini ya ile saruji ya bei, shavu likafura hadi jicho likawa dogo, na jino likang'olewa. Pengo hilo si la kupuuzwa: gego la kudumu linaloota karibu na umri wa miaka sita husogea mbele na kuziba nafasi ya jino litakalokuja kwenye miaka kumi hadi kumi na miwili. Sasa mtoto amewekewa waya wa kushikilia nafasi, gharama nyingine tena.

Kwa hiyo uliza bei ya dawa na kofia pamoja, na kofia iwekwe siku ileile. Pesa ikiwa haitoshi vyote viwili, chagua feriki salfeti na kofia, usichague MTA bila kofia. Usiruhusu mtu akuvunjie hesabu hiyo vipande vipande.

Mengine ni ya kawaida. Ganzi ikiwa bado mdomoni, mwangalie asijing'ate. Usimpe aspirini. Rudini mkague hata kama haumwi, maana jino lililotibiwa linaweza kuoza kimyakimya. Na shavu likifura pamoja na homa, usingoje asubuhi.